Mcheza Kwao na Msikilizaji Asiyeonekana: Njia ya Mwimbaji wa Gita Anayejitegemea Magharibi mwa Kenya

Utangulizi

Methali isemayo kuwa mcheza kwao hutunzwa hunukuliwa sana tunapotaka kumsifu mtu anayethamini asili yake. Ni nadra, hata hivyo, tuizingatie kama maelezo ya uchumi wa sanaa. Methali hiyo inatuarifu kwamba msanii yuko mbele ya watu wake, kwamba wanamwona na kumjua, na kwamba wanaweza kumtuza papo hapo. Tuzo hiyo ndiyo malipo yake. Swali linalozuka ni hili: anapoondoka kwao, au sauti yake inapoondoka bila yeye mwenyewe, ni nani atakayemtuza?

Makala haya yananuia kueleza njia anayoipita mwimbaji wa nyimbo za kienyeji anayetunga, anayepiga ala na anayeimba kwa jina lake mwenyewe hadi kufikia kujitegemea katika kazi ya muziki. Mfano wetu ni kijana wa Matungu, katika Kaunti ya Kakamega, mwenye gita lisilo la umeme na nyimbo alizozitunga mwenyewe. Hatumtaji mtu fulani. Tunamzungumzia kijana anayeweza kupatikana katika kiambo chochote cha Uwanga. Ili kuifahamu njia iliyo mbele yake tutawatazama waliomtangulia: George Mukabi wa Kisa, Daudi Kabaka, Fadhili William, Ayub Ogada na, kwa upande wa visiwani, Siti binti Saad. Hoja yetu ni kwamba njia hiyo ina vivuko vinne, na kwamba katika kivuko cha mwisho wengi wamezama kwa kuwa jamii, pamoja na sisi wanafunzi wa fasihi, tulishazoea kuuona wimbo wa kienyeji kuwa mali isiyo na mwenyewe.

Mwimbaji wa kienyeji ni nani?

Katika masomo ya fasihi simulizi tumezoea istilahi fanani, hadhira na utendaji. Tumezoea pia kusema kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii na kwamba mtunzi wake hajulikani. Kauli ya pili inahitaji kuchunguzwa upya. Ruth Finnegan, katika kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Afrika kilichotoka mwaka 1970, alisisitiza mchango wa msanii binafsi na kuipinga dhana kwamba nyimbo na hadithi za Kiafrika hutungwa na umma kwa pamoja. Hata lugha yetu inampinga anayedai kuwa mtunzi hajulikani. Kiswahili kina neno manju kwa mtunzi na kiongozi wa nyimbo ngomani, na malenga kwa mtunzi aliyebobea. Jamii isiyomtambua mtunzi haiwezi kumpa jina la cheo.

Hali ni hiyo hiyo magharibi mwa Kenya. Anayepiga shiriri, yaani zeze la uzi mmoja, au anayepiga litungu, hajulikani tu kama mpigaji. Watu humtaja kwa jina, husafiri kumwita na humkumbuka baada ya kufa kwake. Kinachotokea ni kwamba jina lake hubaki katika kumbukumbu ya waliomwona. Wimbo ukivuka mito miwili au mitatu, jina hubaki nyuma. Hivyo basi, kutojulikana kwa mtunzi si sifa ya kuzaliwa ya wimbo wa kienyeji. Ni matokeo ya safari.

Kwa sababu hiyo, tunapotumia neno mwimbaji wa kienyeji katika makala haya tuna maana ya msanii anayechota lahani, midundo, tamathali na mikarara kutoka katika hazina ya jamii yake, lakini ambaye anaongeza maneno na mpangilio wake mwenyewe. Kujitegemea nako hakuna maana ya kukaa mbali na watu. Maana yake ni kwamba msanii huyo ndiye mwenye uamuzi wa mwisho kuhusu nyimbo zake: azirekodi wapi, aziimbe kwa lugha gani, na nani alipe ili azitumie.

Kivuko cha kwanza: kutoka hafla hadi hadhira

Muziki wa jadi hauanzi na msanii, huanza na hafla. Isukuti ya Waisukha na Waidakho ni mfano mzuri. Ngoma hizo huwa tatu, ya mama, ya baba na ya mtoto, na huandamana na baragumu na njuga. Hupigwa katika kuzaliwa kwa mtoto, katika jando, katika ndoa, katika mazishi na katika sherehe nyinginezo. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Msisitizo wetu hapa ni kwamba mpigaji wa isukuti haulizwi ana wimbo gani mpya; huulizwa kuna jambo gani. Jambo ndilo linalomwita.

Kijana wa Matungu huanza hapo hapo. Matanga, harusi, mchango wa kujenga shule na mikutano ya hadhara ndiyo jukwaa lake la kwanza. Wengine huanzia katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoasisiwa mwaka 1927, ambamo wanafunzi huimba nyimbo za jadi kwa niaba ya shule. Mazingira haya humfunza mambo matatu. Kwanza, humfunza kuisoma hadhira na kubadili wimbo papo hapo. Pili, humfunza kuingiza majina ya waliopo ili wainuke na kumtuza. Tatu, humfunza kwamba yeye ni mtumishi wa shughuli, wala si shughuli yenyewe.

Kuvuka hapa ni kufikia siku ambapo watu wanakuja kumsikiliza yeye, hata kama hakuna aliyefariki wala aliyeoa. Si jambo jepesi. Anayeimba matangani hutuzwa kwa sababu msiba una wenyewe na wenyewe wana wajibu. Anayeita watu kwa ajili ya wimbo peke yake hana wajibu wa mtu yeyote wa kuuegemea. Ana wimbo tu. Ndipo ubora wa utunzi unapoanza kuamua mambo.

Katika Uwanga jambo hili limefungamana pia na hali ya uchumi. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kwa muda mrefu miwa ndiyo iliyoleta fedha mkononi mwa wakulima wa Mumias na Matungu. Ni dhahiri kwamba palipo na malipo ya miwa pana harusi, na palipo na harusi pana gita. Kiwanda hicho kiliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya matatizo. Msanii anayetegemea tuzo za papo hapo huathirika mara tu mifuko ya majirani inapokauka. Hii ni sababu mojawapo inayomlazimu kutafuta hadhira iliyo mbali na kwao.

Kivuko cha pili: kutoka ngoma hadi gita

Gita lilienea sana katika vijiji vya Kenya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Askari waliokuwa katika kikosi cha King's African Rifles walirejea wakiwa wameona mengi. Miongoni mwao alikuwamo Fundi Konde wa pwani, aliyekuwa katika kundi la kuwatumbuiza askari. Kisha ukaja mvumo kutoka Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji ambao sasa unaitwa Likasi, na wimbo wake Masanga ukawa somo kwa wapiga gita wa Afrika ya Mashariki na Kati. Mwaka 1959 Mwenda mwenyewe alikuja Nairobi.

Kilichowavutia vijana ni uwezo wa mtu mmoja kuwa bendi nzima. Kidole gumba hushika nyuzi za sauti nzito na kutoa msingi. Kidole cha shahada hutembea juu ya nyuzi nyembamba na kutoa lahani. Mdomo nao huimba. Magharibi mwa Kenya mbinu hii ilijengwa upya na kuitwa omutibo. Gwiji wake alikuwa George Mukabi, aliyezaliwa yapata mwaka 1930 huko Kisa, eneo ambalo leo limo katika Khwisero, Kaunti ya Kakamega. Omutibo si nakala ya mtindo wa Katanga. Mwendo wake umeegemea midundo ya ngoma za Waluhya, na pembeni ya gita huwapo chupa ya Fanta, ile yenye migongo, inayokwaruzwa na kugongwa ili ishike nafasi ya njuga. Kwa maneno mengine, isukuti haikutupwa. Ilihamishiwa katika nyuzi sita na chupa moja.

Kivuko hiki kina thamani kubwa kwa anayetaka kujitegemea. Kundi la ngoma huhitaji watu wengi, na watu wengi huhitaji chakula, nauli na maelewano. Gita huhitaji mtu mmoja na nyuzi za akiba. Hata hivyo, anayepata uhuru huo hupoteza waitikiaji. Mkarara uliokuwa ukiitikiwa na kijiji kizima sasa lazima aubebe peke yake au aukabidhi gita. Msomaji akisikiliza kwa makini rekodi za omutibo atagundua kwamba mara nyingi gita halimsindikizi mwimbaji, bali humjibu. Muundo wa kiongozi na waitikiaji, ambao ni uti wa mgongo wa nyimbo zetu, haukufa. Waitikiaji wamegeuka kuwa nyuzi.

Kivuko cha tatu: kutoka lugha ya nyumbani hadi Kiswahili

Hapa ndipo suala letu linapowagusa wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Mukabi aliimba mengi kwa Kiswahili, na wimbo wake uliovuma kupita yote, Sengula Nakupenda, ni wa Kiswahili. Daudi Kabaka, aliyezaliwa mwaka 1939 na ambaye asili yake ilikuwa magharibi mwa Kenya, alijulikana kwa nyimbo za Kiswahili kama vile Harambee Harambee, uliohusishwa na ujenzi wa taifa baada ya uhuru wa mwaka 1963. Wote wawili walikuwa na lugha nyingine ya nyumbani. Kwa nini basi walichagua Kiswahili?

Jibu la haraka ni soko. Vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa reli na wakazi wa mitaa ya Nairobi walitoka katika makabila tofauti, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Kiswahili hakikuwa kigeni katika nchi ya Wawanga. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika katika himaya ya Wanga katika karne ya 19, na msafiri Joseph Thomson alipofika Kwa Sundu mwaka 1883 alikuwa akifuata njia iliyokwisha kuzoewa na watu wa pwani. Mahali hapo ndipo baadaye pakaitwa Mumias, kwa jina la Nabongo Mumia, na pana historia ndefu ya Uislamu na ya Kiswahili. Matungu ni jirani yake wa karibu. Kijana wa Matungu anayetunga kwa Kiswahili, kwa hiyo, hatumii lugha ya kuazima jana. Anatumia lugha iliyopita mlangoni kwao zaidi ya karne moja iliyopita.

Yafaa pia kutazama aina ya Kiswahili kinachotumika. Kiswahili cha omutibo si Kiswahili cha mashairi ya arudhi. Hakina mizani iliyohesabiwa wala vina vilivyopangwa kwa utaratibu wa pwani. Urari wake hutokana na mdundo wa gita: sentensi hukatwa pale kidole gumba kinapotua, na neno hurefushwa pale lahani inapodai. Upatanisho wa ngeli huweza kulegea, na maneno ya Kiluhya huingia bila kubisha hodi. Wahakiki wengine wamekiona Kiswahili cha bara kuwa kibovu. Kwa maoni yetu, hukumu hiyo hutumia kipimo kisichohusika. Mtunzi huyu anaandika kwa kidole. Ukimpima kwa kalamu utamwonea.

Hata hivyo, kuchagua Kiswahili si lazima kuwe ni kuiacha lugha ya mama. Tangu mawimbi ya redio yalipofunguliwa, vituo kama Mulembe FM vimekuwa vikiwafikia wasikilizaji wa Kiluhya popote walipo, na msanii anayeimba Kiwanga sasa anayo hadhira ambayo Mukabi hakuwa nayo. Kwa hivyo uamuzi wa lugha umekuwa uamuzi wa kisanaa zaidi ya zamani: wimbo gani unamhitaji jirani, na wimbo gani unamhitaji mgeni.

Kivuko cha nne: kutoka mdomo hadi santuri

Kivuko cha nne ndicho chenye mamba. Katika miaka ya 1950 na 1960 njia ya kufikia hadhira pana ilipita katika studio za Nairobi. Kampuni kama Jambo na baadaye Equator Sound Studios, iliyoongozwa na Charles Worrod, ziliwarekodi Kabaka, Fadhili William, John Nzenze na wengineo. Studio hizo ziliwapa waimbaji mambo ambayo wasingeyapata kijijini: vyombo, mafundi na usambazaji wa sahani za santuri katika nchi nzima. Wimbo mmoja wa Kabaka, Helule Helule, ulivuka bahari na kuimbwa na kundi la Tremeloes la Uingereza mwaka 1968.

Tatizo lilikuwa katika malipo na katika jina. Mwimbaji aliyezoea kutuzwa papo hapo aliona ni sawa kupokea fedha mara moja na kwenda zake, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa matangani. Hakuona, wala hakuelezwa, kwamba santuri inaendelea kuimba wakati yeye amelala. Msikilizaji wa santuri hana njia ya kumtuza mwimbaji, kwani hamwoni. Palihitajika chombo cha kukusanya tuzo za wasikilizaji wasioonekana na kuzifikisha kwa mtunzi. Tuzo hizo ndizo tunazoziita mirabaha. Kwa mtazamo huu, mirabaha si dhana ya kigeni inayopingana na mila zetu. Ni ile ile tuzo ya mcheza kwao, iliyopewa miguu ya kusafiria.

Kisa cha wimbo Malaika kinafundisha mengi. Fadhili William aliurekodi mwaka 1960. Miriam Makeba na wengine wakaueneza duniani. Mzozo kuhusu mtunzi wake wa asili haukuisha: wapo waliomtaja Fadhili, wapo waliomtaja Grant Charo, na wapo waliomtaja Adam Salim wa Tanganyika. Fadhili alifariki mwaka 2001, mwaka ule ule aliofariki Kabaka. Jambo la kuzingatia ni kwamba wimbo unaojulikana na takriban kila mtu katika Afrika Mashariki haukuwa na rekodi ya wazi ya nani alitunga nini na lini. Umaarufu wenyewe ndio uliouzamisha umiliki. Mara tu watu wengi wanapouimba wimbo, huanza kuuona kuwa ni wa kila mtu.

Sheria nayo imechelewa, kisha imekuja kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayomlinda mtunzi binafsi katika uhai wake na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Mlango wa pili ni sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayoilinda jamii. Sheria hiyo ilichipuka kutoka katika Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010, kinacholitaka Bunge kuhakikisha kwamba jamii zinalipwa utamaduni wao unapotumiwa. Mwimbaji wa kienyeji anasimama katikati ya milango hiyo. Lahani aliyoichota kwa wazee ni ya jamii. Maneno na mpangilio alioutunga ni wake. Asipoweza kueleza mpaka uko wapi, atapoteza pande zote mbili: atakayemwibia atadai kwamba wimbo ni wa jadi, na wazee nao watadai kwamba yeye ndiye mwizi.

Tufanye hesabu fupi. George Mukabi alifariki mwaka 1963. Kwa kipimo cha miaka 50, ulinzi wa tungo zake kwa mujibu wa sheria ya Kenya ulikoma mwisho wa mwaka 2013. Miaka michache baadaye, mwaka 2017, mkusanyiko wa rekodi zake ulitolewa upya Marekani kwa jina Furaha Wenye Gita na kumpatia wasikilizaji wapya ugenini. Uzuri wa kazi kama hiyo ni kwamba humrudishia msanii jina lake. Uchungu wake ni kwamba mlango wa sheria ulikuwa umefungwa tayari. Kwa mtunzi aliyefariki kijana, muda wa ulinzi huisha mapema. Na anayesahauliwa kwa nusu karne husahauliwa katika nusu karne ile ile ambayo sheria ilikuwa macho.

Peke yake, lakini pamoja na nani?

Inafaa tuondoe dhana moja potofu. Kuimba kwa jina lako si kuimba bila wenzako. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, aliuza vyungu kabla ya kuhamia mjini. Alikuwa wa jina moja kubwa, lakini alizungukwa na wapigaji mahiri, na aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri alikwenda nao. Shaaban Robert alipouandika wasifu wake alituachia ushahidi kwamba mwimbaji wa Kiswahili anaweza kuwa mhusika mkuu wa kitabu, sawa na mfalme au mwanachuoni. Huo ni msaada mkubwa kuliko tunavyodhani. Jina la Siti halikubaki nyuma wimbo uliposafiri kwa sababu mwandishi alilibeba.

Kwa upande mwingine, Ayub Ogada anatuonyesha ugumu wa kutoka katika bendi. Alipitia Black Savage, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage mwaka 1979. Mwaka 1986 alikwenda London na kupiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi, mahali ambapo hadhira hupita bila kusimama. Kutoka hapo alipata nafasi katika Real World, na albamu yake En Mana Kuoyo ikatoka mwaka 1993. Wimbo Kothbiro uliomo humo ulisikika katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Lakini wimbo huo ulikwisha kurekodiwa na Black Savage katika miaka ya 1970, na rekodi hiyo ya kale ilipotumiwa na Kanye West katika wimbo wa mwaka 2018, watunzi waliotambuliwa kwa upande wa Kenya walikuwa wawili: James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Ogada alifariki mwaka 2019. Funzo kwa kijana wetu ni wazi. Anayetoka katika kundi hana budi kujua ni nini anachotoka nacho. Kilichotungwa pamoja kiandikwe pamoja kabla ya kuagana, si baada ya fedha kuonekana.

Nao Abana ba Nasery wa Bunyore wanatupa mfano wa tatu. Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola walikuwa watatu, magita mawili na chupa ya Fanta, na walifikisha omutibo hadi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hawakuhitaji kutengana ili wajitegemee. Kujitegemea kunaweza kuwa kwa mmoja au kwa watatu, mradi mamlaka juu ya nyimbo yasitoke mikononi mwao.

Matungu ya leo

Je, kijana wa Matungu wa leo amekwisha kuvushwa na teknolojia? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Studio ambayo zamani ilikuwa Nairobi sasa imo katika chumba kimoja Mumias, au hata katika simu. Tangu mwaka 2009 huduma ya Skiza ya Safaricom imewawezesha wasanii kulipwa pale nyimbo zao zinapotumiwa kama milio ya kuitikia simu, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliagiza kwamba msanii apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo. Kwa mara ya kwanza, msikilizaji asiyeonekana ameunganishwa na mfuko wa mwimbaji kwa uzi unaoweza kufuatwa.

Hata hivyo, uzi huo hufungwa kwenye jina lililosajiliwa. Anayeupakia wimbo kwanza katika mtandao huonekana kuwa ndiye mwenyewe. Mpigaji wa matangani anaporekodiwa na simu kumi za waombolezaji, wimbo wake huweza kufika Nairobi kabla yake, bila jina. Kwa hiyo mpangilio wa hatua umegeuka. Zamani mtu alitunga, akaimba, akarekodi, kisha, kama alibahatika, akaandikwa. Leo inambidi aandikwe kwanza. Kabla ya kuimba wimbo mpya hadharani, autie katika daftari kwa maneno yake yote na tarehe. Aurekodi hata kwa simu. Autambulishe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Na aeleze katika daftari hilo ni lahani ipi aliyoirithi na kutoka kwa nani. Hatua hizi hazihitaji mtaji mkubwa, bali zinahitaji mazoea.

Wajibu wa wanafunzi wa fasihi

Hatuwezi kuyaacha yote mikononi mwa msanii. Kila mwaka wanafunzi wetu huenda nyanjani kukusanya nyimbo. Wakirudi, nyimbo hizo huainishwa kuwa za jando, za kazi, za mazishi, na chini yake huandikwa jina la jamii. Jina la aliyeimba, na la aliyetunga kama anajulikana, mara nyingi huachwa. Tukifanya hivyo tunageuka kuwa santuri ya pili: tunaubeba wimbo na kumwacha mwenyewe ukingoni. Mbaya zaidi, andiko letu laweza kutumiwa kesho kuthibitisha kwamba wimbo wa mtu aliye hai ni wa jadi na hauna mwenyewe.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila wimbo uliokusanywa uambatane na jina la mwimbaji, mahali, tarehe na maelezo yake mwenyewe kuhusu alivyoupata, iwapo ameridhia kutajwa. Pili, nakala ya rekodi iachwe kwake, kwa kuwa siku ya mzozo hiyo ndiyo itakayokuwa shahidi wake. Tatu, tuandike wasifu wa waimbaji wa Kiswahili wa bara wangali hai, kama Shaaban Robert alivyomwandika Siti. Tasnifu juu ya Kiswahili cha omutibo, kuanzia muundo wa mikarara hadi sitiari zake za mapenzi na kazi, zina nafasi ya kutosha katika idara zetu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba njia ya mwimbaji wa kienyeji anayejitegemea ni ya kutoka katika hafla hadi hadhira, katika ngoma hadi gita, katika lugha ya nyumbani hadi Kiswahili, na katika mdomo hadi rekodi. Mukabi na wenzake walivuka vitatu vya kwanza kwa ustadi ambao bado tunaustaajabia. Kilichowashinda si kipaji, bali ni kwamba nyimbo zao zilisafiri bila hati. Mcheza kwao ataendelea kutunzwa na jirani anayemwona. Anayecheza mbali na kwao atatunzwa tu iwapo jina lake limefungwa katika wimbo kwa fundo lisilofunguka njiani, na kulifunga fundo hilo ni kazi ya msanii, ya sheria, na ya kila mwanafunzi anayeshika kinasa sauti na daftari kwenda kijijini.